Gari Lililonuka Papa

Mwanangu Nasra,

Usishangae baba yako kukuandikia barua hali yumo chumba cha pili na anakusikia ukibishana na mama yako juu ya chupa za achari, yeye anataka ziwe sita, wewe unataka mbili. Mdomo wangu unajua kusema kila kitu isipokuwa jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na wewe ni shahidi. Basi nimewaambia kichwa kinaniuma, nimefunga mlango, na nimeshika kalamu kabla adhana ya Magharibi haijanikatiza. Kesho asubuhi unakwenda Wundanyi kufundisha ufundi wa magari chuoni. Mwalimu! Barua yako ya kazi nimeisoma hata karatasi imelegea kwenye mikunjo, na leo nimemwonyesha muuza madafu ambaye hakuniuliza chochote.

Mambo ya kula, kulala na baridi ya huko juu sitayagusa. Mama yako ameshayasema, na aliyoyasahau atakupigia simu hujafika hata Mariakani. Mimi nataka kukuambia habari za lile gari utakaloondoka nalo. Najua utacheka useme, "Baba, gari hilo si nalijua mimi kuliko wewe?" Ni kweli. Lakini kuna kitu kimoja hukijui, na nimekificha miezi minne. Sitaki uondoke nacho kikiwa bado kimefichwa.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wewe umezaliwa ukakuta baba yako ana jina. Pale Kilindini, magari ya mtumba yakishushwa melini, watu walikuwa wakinitafuta mimi niyaangalie kabla hawajatoa pesa. Nilikuwa nikizunguka gari mara moja, mikono nyuma, nasema "chukua" au "wacha," na mtu anachukua au anawacha. Waliniita Jicho. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa, na mtu akiniita kwa jina langu la kweli mbele ya wageni nilikuwa naona kama amenipunguzia kitu.

Mjomba wako Twalibu ndiye aliyenilipia jina hilo. Alitaka gari la kufanyia kazi, akaniamini shemeji yake. Nilimchagulia jeupe, linang'aa, ndani kumepulizwa marashi kama chumba cha bibi harusi. Nikalizunguka mara moja nikasema chukua. Mvua za masika zilipoanza, likazima njiani na halikuwaka tena. Tulipoinua zulia la sakafu tulikuta tope limeganda, tope la nchi nyingine kabisa. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko huko lilikotoka, likaoshwa, likapakwa rangi, likapelekwa kwa wajinga, na mjinga wa kwanza kulipokea alikuwa mimi. Mjomba wako hakunilaumu hata siku moja. Alisema, "Shemeji, ndiyo riziki yangu hiyo," akarudi kupanda magari ya watu. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile nikaapa kutumia pua. Gari lolote, kwanza nafungua mlango, naingiza kichwa, nanusa. Nikipata harufu ya unyevu, nasema wacha. Na nilipatia, Nasra, miaka mingi nilipatia, mpaka pua nayo ikaota kiburi kama jicho. Ndiyo maana nakusimulia. Somo nililolipata kwa uchungu ndilo hilo hilo lililokuja kunipoteza mara ya pili, kwa sababu nilidhani mtu akishaumia mara moja basi amehitimu.

Sasa njoo kwa Bi. Rukia, jirani yetu. Mumewe, Mzee Omari seremala, Mungu amrehemu, alipofariki alimwachia nyumba inayovuja na lile stesheni wagoni lenye mgongo mrefu, watu mbele, vitanda na mbao nyuma. Hakuna mtu Mji wa Kale aliyelipenda gari lile. Lilikuwa linanuka papa aliyekaushwa. Likipita, watoto wanabana pua na kupiga kelele, "Ng'onda yapita! Ng'onda yapita!" Kwenye harusi Mzee Omari alikuwa akiombwa kwa adabu aliegeshe mbali. Na kila mtu alikuwa na maelezo: Mzee Omari alilinunua kwa muuza papa, maji ya chumvi ya samaki yamemwagikia sakafuni miaka na miaka, harufu haitoki tena. Yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akitabasamu tu na kuendelea kupiga randa.

Mwaka mzima baada ya kifo chake gari lilikaa Mbaraki, uani nyuma ya ghala alikokuwa na karakana yake, linaliwa na majani na kinyesi cha kunguru. Kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akataja bei ya kilo, akasema Jumanne analeta lori. Bi. Rukia dari yake ya juu ilikuwa imeanza kubomoka, analala sebuleni na ndoo mbili pembeni. Gari lile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza, na hana mtoto wa kumsemea. Akaja kwangu akasimama pale mlangoni, buibui limemwanguka mabegani.

"Mwanangu," akanambia, "mimi mambo ya magari siyajui. Ukinambia uza, tauza. Ukinambia wacha, tawacha. Mato yangu ni wewe." Macho yake, mimi niliyeitwa Jicho.

Nilikwenda Mbaraki siku ya Ijumaa, baada ya sala, na kanzu yangu nyeupe ile ya Ijumaa ambayo mama yako alikuwa ameipiga pasi hadi inasimama yenyewe. Nikafungua mlango wa gari kwa vidole viwili. Harufu ikanipiga usoni. Hapo hapo pua ikatoa hukumu: samaki, maji ya chumvi, sakafu imeliwa, uti wa mgongo umeoza. Nikatazama milango, kutu. Nikatazama paa, kutu inamenyeka kama ngozi ya muhogo. Nikalizunguka mara moja, mikono nyuma.

Nilijua inavyotakiwa. Nilitakiwa nipige magoti, nilale chali kwenye ule mchanga wenye oili, niingize kichwa chini na tochi. Nikaitazama kanzu yangu. Nikaitazama ile ardhi. Nikarudi nyumbani.

Bi. Rukia alikuwa amesimama mlangoni kwake na wazee wa mtaa wamekaa barazani na kahawa yao. Akaniuliza mbele yao, "Na tini yake, umepaangalia?"

Nikajibu, "Nimeangalia kote, Bi. Rukia. Chini kumeoza. Liuze kwa kilo."

Hicho ndicho ulichokuwa hukijui. Wewe siku zote umedhani baba yako alikosea. Sikukosea, mwanangu, niliongopa. Sikuinama hata inchi moja. Nilimwambia mjane auze kitu chake cha mwisho kwa bei ya takataka kwa kuwa sikutaka doa kwenye nguo, na nikalala usingizi mzuri.

Yaliyofuata uliyaona wewe, lakini uliyaona kutoka upande wako. Acha nikuonyeshe upande wangu. Jumapili alasiri nimekaa barazani, Bwana Abudi yuko kulia kwangu anasimulia safari yake ya Lamu ambayo tumeisikia wote, mara wewe unatokea kichochoroni na ovaroli, nywele umezifunga kitambaa, mweusi tititi kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu, na unanuka papa. Wazee wakajisogeza. Ukaamkia kila mtu kwa zamu yake, hukuruka hata mmoja, hata mimi nikaona fahari kidogo kabla sijajua kinachokuja.

"Baba, naomba ruhusa niseme neno," ukasema. "Gari la Bi. Rukia si la kuuza kwa kilo."

Bwana Abudi akacheka. "Ati wewe wajua kuliko babako? Babako ni Jicho!"

"Sijui kumshinda, babu. Lakini mimi nimelala tini yake saa nzima."

Ukafungua kitambaa ulichoshika, ndani kuna uchafu mzito mweusi kama lami. Ukaeleza, taratibu, kama mtu anayefundisha darasa tayari: ile si harufu ya samaki aliyeoza. Ni mafuta ya papa, yale yanayopakwa kwenye mbao za vyombo, majahazi na mashua, visiliwe na maji ya bahari. Mzee Omari kabla ya kutengeneza vitanda alifanya kazi kwa waunda vyombo, na alichojifunza huko akakileta kwenye gari lake. Kila mwaka alilala chini akalipaka tumbo zima. Kutu yote iko juu, kwenye milango na paa, mahali ambapo mtu anapaona. Ukikwangua mafuta chini, chuma kinang'aa. Kilichofanya gari lichukiwe na mji mzima ndicho kilicholiweka hai.

Kila neno lilinifika. Nilijua palepale kwamba umesema kweli, kwa sababu mimi peke yangu barazani ndiye niliyejua kwamba hakuna aliyewahi kuangalia chini kabla yako. Na nikasema nini? Nikasema, "Nasra, nenda nyumbani ukaoge."

Wazee wakaangua kicheko. Wewe hukulia. Ulikunja kitambaa chako, ukasema, "Haya, baba," ukaondoka. Neno hilo lilinikaa kooni siku ngapi sijui. Huko uendako utakuwa na wanafunzi, na iko siku mmoja atainua mkono akuambie umekosea, na atakuwa amepatia. Mkumbuke baba yako na umtafutie mtoto huyo jibu lingine.

Nilidhani umekwenda kuoga. Kumbe ulikwenda kwa Bi. Rukia kumwomba siku chache, na yeye akamrudisha mtu wa lori. Tokea hapo mimi na wewe tukawa tunasalimiana kama wageni kwenye ngazi. Lakini nataka ujue kwamba nilikuwa nakuja Mbaraki. Ndiyo. Nilijitia nina shughuli gatini, nikawa nasimama nyuma ya lundo la mbao nakuchungulia, mtu mzima na mvi zangu. Nilikuona ukibadilisha mpira wa redieta. Nilikuona ukishusha tangi la petroli na kulisuuza mara tatu. Siku moja nilikuona na kinyundo kidogo, unagonga bodi polepole, inchi kwa inchi, kichwa umekiinamisha, unasikiliza chuma kizima kinavyolia na kibovu kinavyokufa sauti, halafu unaandika kwenye daftari. Miaka yote ya kuitwa Jicho sijawahi kulipa gari lolote heshima ya namna ile. Nilikuonea wivu, Nasra. Nimeandika, na sifuti.

Jumamosi iliyofuata ukaja kunigongea. "Baba, leo twalijaribu. Njoo uketi nyuma." Sijui ni nini kilichonifanya nikubali. Bi. Rukia alikuwa ameshakaa mbele, amevaa buibui jipya na amejitia udi, mkoba mapajani, kama anayekwenda kuposa. Nyuma ulikuwa umejaza mbao zote za Mzee Omari zilizobaki, mvule mtupu, mpaka springi zimelala. Nikakuuliza mbona umelielemea hivyo. Ukasema, "Gari halijulikani likiwa tupu." Nikapanda nikakaa juu ya mbao, magoti yakinigusa kidevu.

Tukatoka kisiwani, tukapita Changamwe, tukapita Miritini. Nilikuwa nimetega masikio kama mwizi. Mungu anisamehe, nusu yangu ilikuwa inaomba lizime. Pale mlima wa Mazeras unapoanza, malori yalikuwa yametanda yanatambaa, na injini yetu ikaanza kunguruma kwa uzito. Nikajisemea, ndiyo hii sasa. Wewe hukushtuka. Ulishusha gia, ukaisubiri, sauti ikabadilika ikawa nzito na tulivu, na gari likapanda. Likapita lori la kwanza. Likapita la pili. Mbao zinagongana, harufu ya papa imejaa, turnboi aliyekaa ubavuni mwa dereva wa lori la tatu amebaki mdomo wazi anatutazama, na Bi. Rukia, mwanamke ambaye hajacheka tangu alipoingia edani, akatoa kigelegele ndani ya gari mpaka masikio yakaniziba.

"Wallahi Omari angaliona haya!" akapiga makofi. "Omari angaliona!"

Na mimi nikajikuta nacheka. Nacheka na machozi yananitoka, juu ya rundo la mbao, nimeshindwa na binti yangu mlima mzima, na sijawahi kufurahi hivyo tangu siku uliyozaliwa. Kama uliniona kwenye kioo, basi ujue hayakuwa machozi ya vumbi kama nilivyokuambia.

Tuliporudi, ulipokwenda kuegesha, Bi. Rukia alinishika mkono. Akasema kwa sauti ndogo, "Ile Ijumaa kanzu yako ilirudi nyeupe pe, mwanangu. Niliona. Nikasema labda wewe mjuzi huna haja ya kuinama." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amenipa udhuru siku zote zile, na udhuru ule ulinielemea kuliko mbao za mvule.

Kisha ukaja na karatasi yako ya tathmini, na hapo ndipo uliponimaliza. Nilitazamia utalisifu gari. Wewe ukaandika kila kasoro: milango ya nyuma imeoza, paa linahitaji kukatwa na kuchomelewa, giaboksi inavuja kidogo, kiti cha dereva kimechanika, harufu haitatoka. Halafu ukaandika uzima wake kitu kwa kitu, ukataja bei, mara tano ya ile ya kilo. Bi. Rukia akauliza, "Na nani atalinunua linanuka hivi?" Ukasema, "Mimi, kwa bei hiyo hiyo."

Mji mzima ulisema umepata wazimu. Bwana Abudi alishika kichwa: "Mtoto huyu! Angalinyamaza, angalilipata kwa bei ya chuma!" Na ni kweli, ungenyamaza ungelipata. Nimekaa na wauzaji na wanunuzi wa magari maisha yangu yote. Nimeona watu wakishusha bei ya kitu wanachokitaka kwa kila hila, wanapiga teke tairi, wanakunja uso, wanasema hili limekufa. Sijawahi kuona mnunuzi anayepandisha bei ya kitu anachokitaka mwenyewe kwa sababu ndiyo thamani yake. Umelipa akiba ya mshahara wako wa miezi ile uliyofanya kazi karakana ya magari, hukupunguza senti, na leo Bi. Rukia ana dari mpya na analala chumbani kwake. Watu wanakusifu kwa mikono yako, Nasra, na mikono unayo kweli. Mimi nakuonea fahari kwa bei ile.

Sina wosia wa kukupa. Ningekuwa na mmoja ungekuwa huu: watu utakaowakuta huko nao wanazungukwa mara moja na wenye mikono nyuma, wananuswa, wanahukumiwa. Wewe una tabia ya kulala chini na kuangalia. Usiiache, hata siku utakayopewa jina kubwa. Hasa siku hiyo.

Sasa jambo la leo. Baada ya sala ya Alasiri, wewe ukiwa unafunga mizigo, nilikwenda barazani. Wote walikuwepo, Bwana Abudi na wenzake, na Bi. Rukia alikuwa dirishani kwake. Nilisimama mbele yao kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikasema, "Jamani, nina neno. Ile siku niliyosema nimeliangalia gari la Bi. Rukia kote, nilisema uongo. Sikuinama. Binti yangu aliinama, akasema kweli, nami nikamwambia akaoge mbele yenu. Bi. Rukia, nisamehe. Nanyi mlicheka kwa ajili yangu, basi leo nakifuta kicheko kile."

 Mwenye kahawa akabaki ameinamisha dele lake hewani bila kumimina. Nikajua jina langu limekwisha, na ajabu, nilijiona mwepesi. Juu dirishani Bi. Rukia akasema, "Nimekusamehe kitambo, mwanangu, keti unywe kahawa," nikaketi.

Bwana Abudi akakohoa. Yeye, kumbuka, mtoto wake anataka kununua gari mwezi ujao. Akanitazama, akautazama mlango wetu, akasema, "Sasa huyu kesho yuwenda zake. Nani atatuangalilia magari?"

Nikamwambia, "Mtampigia simu Wundanyi, Bwana Abudi. Mkimkosa, ngojeni. Hata mimi nitangoja."

Na hakuna aliyecheka. Wote walitoa simu zao wakaniomba nambari yako.

Nenda salama, fundi. Nenda salama, mwalimu.

Baba yako